Matumbawe magumu kwa mfugaji anayeanza: asili, maji na aina za kuchagua

Ufugaji wa matumbawe hai katika tangi la nyumbani ni hatua ambayo baadhi ya wafugaji wa samaki wa mapambo huifikia baada ya kuzoea samaki wa maji baridi na kisha wa maji chumvi. Dukani hatua hiyo huonekana ndogo, kwa kuwa pandikizi lenye ukubwa wa sarafu huenea kiganjani na huuzwa likiwa limechanua kwa rangi za kijani, zambarau na chungwa chini ya taa ya buluu. Rangi hiyo ndiyo inayowapotosha wengi. Haielezi tumbawe limetoka bahari gani, linahitaji mwanga kiasi gani, wala litaishi vipi na jirani yake. Na mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua iwapo kiumbe huyo atakuwa hai baada ya mwaka mmoja.

Tumbawe gumu ni mnyama, ingawa kwa macho hufanana na jiwe au mmea. Kila tumbawe ni mkusanyiko wa wanyama wadogo waitwao polipi, na kila polipi ina mdomo uliozungukwa na minyiri. Polipi hutwaa kalsiamu na kabonati kutoka katika maji na kujijengea kikombe cha chokaa. Vikombe hivyo vikiungana ndipo hupatikana umbo ambalo wakazi wa pwani hulijua kwa jina la jiwe la tumbawe. Ndani ya nyama ya polipi huishi mwani wa hadubini ambao, kwa kutumia mwanga, hutengeneza sukari na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula. Joto la maji likizidi kwa muda mrefu, mwani huo hutoka au hufukuzwa, na tumbawe hubaki jeupe. Hali hiyo ndiyo iitwayo kupauka, nayo iliua sehemu kubwa ya matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi mwaka 1998, ikiwemo miamba ya Tanzania na Kenya.

Wafanyabiashara huyagawa matumbawe magumu katika makundi mawili: yenye polipi kubwa na yenye polipi ndogo. Mgawanyo huo si wa kisayansi, kwa kuwa wanasayansi huyaweka yote katika oda moja ya Scleractinia na kuyatenganisha kwa vigezo vingine kabisa. Hata hivyo, kwa mfugaji ni mgawanyo wenye manufaa. Matumbawe ya polipi kubwa, kwa kawaida, huridhika na mwanga wa wastani, hula chakula kinachoonekana kwa macho na huvumilia mabadiliko madogo ya maji. Yale ya polipi ndogo hudai mwanga mkali, mkondo wenye nguvu na maji yasiyobadilika. Anayeanza huelekezwa kwenye kundi la kwanza.

Asili ya tumbawe na matakwa ya sheria

Kwa mkazi wa pwani, swali la kwanza huwa la kawaida kabisa: kwa nini kununua kitu kinachoonekana wazi mwambani maji yanapokupwa? Jibu lipo katika sheria na pia katika mwendo wa ukuaji wa viumbe hao. Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Namba 29 ya mwaka 1994 inalinda miamba na viumbe vilivyomo ndani ya maeneo kama Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, Silikanti Tanga, na visiwa vya Bongoyo na Mbudya jijini Dar es Salaam. Nje ya maeneo hayo, rasilimali za bahari zinasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 pamoja na kanuni zake. Zanzibar ina sheria zake. Tumbawe aina ya Porites, lile lenye umbo la kichuguu, hunenepa kwa takriban sentimeta moja kwa mwaka. Hivyo jiwe linalobebwa kwa mikono miwili lilianza kujengwa kabla ya watoto wengi wa shule ya msingi kuzaliwa.

Kwa matumbawe yanayovuka mipaka, upo Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Viumbe walio Hatarini Kutoweka, unaojulikana kwa kifupi kama CITES, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama. Matumbawe yote magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba huo. Maana yake ni kwamba biashara inaruhusiwa, ila mzigo hauwezi kuondoka nchini ulikotoka bila kibali kilichotolewa na mamlaka ya nchi hiyo. Pamoja na kibali hicho, nchi inayopokea inaweza kuwa na masharti yake ya uingizaji na ya afya ya viumbe wa majini, na kwa sababu hiyo mwananchi anayekusudia kuagiza hushauriwa kuwasiliana na ofisi ya uvuvi kabla ya kulipa fedha, si baada ya mzigo kufika uwanja wa ndege.

Katika kibali cha CITES ipo herufi moja ambayo wanunuzi wachache huitazama. Herufi W huonesha kuwa kiumbe kilichukuliwa katika mazingira yake ya asili. Herufi F na C hutumika kwa viumbe vilivyozaliwa au kuzalishwa chini ya uangalizi wa binadamu. Kwa mfugaji anayeanza, herufi hiyo si suala la maadili pekee. Tumbawe lililokatwa mwambani, likapakiwa, likasafirishwa kwa ndege na kubadilishiwa maji mara kadhaa hufika likiwa limechoka na pengine limebeba wadudu. Pandikizi lililokuzwa katika bwawa au tangi limekwisha kuzoea taa, chumvi ya kuchanganywa na chakula cha kufungashwa. Nchi zinazouza nje nazo zimekuwa zikielekea huko. Indonesia, mmoja wa wauzaji wakubwa duniani, ilisimamisha usafirishaji wa matumbawe mwaka 2018, na ilipouruhusu tena mwaka 2020 ilianza na yale yaliyopandikizwa.

Pandikizi la kweli hujulikana kwa kulitazama chini. Huwa limegandishwa juu ya kigingi kidogo cha saruji au kauri, na nyama yake imeanza kutambaa juu ya kigingi hicho. Likionekana limekatwa karibuni, mfupa ukiwa mweupe na gundi ikiwa bado wazi, ni vyema kumwachia muuzaji alikuze kwa wiki chache zaidi.

Maji kwanza

Tangi jipya halifai kuwekwa tumbawe gumu. Wiki nne hadi sita za mwanzo hutumika kuruhusu bakteria wa kubadili amonia kuwa nitriti na kisha naitreti kustawi katika mawe na mchanga. Katika kipindi hicho amonia pekee inatosha kuua. Hata baada ya amonia na nitriti kufikia sifuri, wafugaji wazoefu husubiri miezi mitatu au zaidi. Ishara nzuri ni kuonekana kwa madoa ya waridi na zambarau kwenye kioo na mawe. Huo ni mwani wa chokaa, unaotumia madini yaleyale yanayotumiwa na tumbawe. Unapostawi, maji yamekaribia kuwa tayari.

Vipimo vinavyolengwa ni hivi: joto kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi, chumvi gramu 35 kwa kila kilo ya maji, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, na magnesiamu miligramu 1,250 hadi 1,350 kwa lita. Naitreti ya miligramu 2 hadi 10 kwa lita haina madhara kwa polipi kubwa, na maji yasiyo na naitreti wala fosfeti hata chembe huzifanya zidhoofu. Wanaotoka katika ufugaji wa samaki pekee hushangazwa na jambo hilo, kwa kuwa wamezoea kuamini kwamba maji yakiwa masafi zaidi ndivyo bora zaidi.

Kipimo kinachohitaji uangalizi kuliko vyote ni ualkali, yaani akiba ya kabonati na bikabonati iliyomo majini. Tumbawe likijenga mfupa hula akiba hiyo kila siku. Maji ya bahari huwa na takriban dKH 7, na wafugaji wengi hulenga 8 hadi 9. Namba yenyewe haina uzito kama uthabiti wake: tangi linalokaa kwenye dKH 7.5 mwezi mzima ni salama kuliko lile linaloruka kutoka 7 hadi 10 kwa sababu mwenye nyumba alikumbuka kumimina dawa siku ya Jumapili. Utaratibu unaofaa ni kupima kila siku kwa wiki moja, saa ileile, bila kuongeza chochote; tofauti kati ya siku ya kwanza na ya saba ikigawanywa kwa siku sita huonesha matumizi ya siku moja. Tangi lenye mapandikizi manne au matano ya polipi kubwa kwa kawaida hutoshelezwa na kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, bila kemikali nyingine.

Miongozo mingi iliyopo imeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi na hutilia mkazo kifaa cha kupasha maji joto. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, katika miezi ya kaskazi, tatizo huwa kinyume chake: chumba kikifika nyuzi 31, tangi lenye taa na pampu hupita hapo. Feni inayopuliza juu ya uso wa maji hupunguza joto kwa nyuzi mbili au tatu kwa kuongeza uvukizi. Kinachovukizwa ni maji tu, chumvi hubaki. Kwa hiyo pengo hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa, kila siku. Umeme ukikatika, kinachoua mwanzo mara nyingi ni ukosefu wa hewa majini kabla hata ya joto, na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri hugharimu kidogo kuliko pandikizi moja. Asiyeweza kuimudu pampu hiyo afadhali asinunue matumbawe bado.

Maji ya kuteka ufukweni hayapendekezwi, hasa karibu na bandari, midomo ya mito na mifereji ya miji. Maji ya bomba nayo huweza kuwa na klorini na chembe za shaba, na shaba ni sumu kwa viumbe wote wasio na uti wa mgongo. Kwa sababu hiyohiyo, dawa za samaki zenye shaba hazitiwi kamwe katika tangi la matumbawe.

Aina zinazofaa kuanzia

Caulastraea furcata, ambalo wauzaji hulifananisha na tarumbeta kwa umbo la vichwa vyake, ndilo linalopendekezwa mara nyingi zaidi. Vichwa vyake huota juu ya matawi yaliyotengana, na kila kichwa hujigawa kuwa viwili. Likikosewa huonesha mapema: nyama hunywea na mbavu za mfupa huanza kuonekana, wakati ambapo bado liko katika hali ya kuokolewa. Sifa hiyo ya kutoa taarifa kabla ya kufa ina thamani kubwa kwa anayejifunza kuliko ugumu wenyewe wa kiumbe.

Duncanopsammia axifuga, la bahari ya Australia, lina minyiri mirefu inayochezacheza na hupokea chakula waziwazi. Vichwa vipya huchipua ubavuni mwa vya zamani, na pandikizi lenye vichwa vitatu huweza kuwa kichaka. Blastomussa hupenda kivuli na maji yanayokwenda polepole; kosa linalolipata zaidi ni kuwekwa juu sana, karibu na taa. Micromussa lordhowensis hutambaa kama zulia na lina rangi nyingi kupita yote yaliyotajwa. Hadi mwaka 2016 liliwekwa katika jenasi ya Acanthastrea, na wauzaji wengi bado wanalitumia jina hilo, kwa hiyo mnunuzi akikuta majina mawili asidhani ni viumbe wawili. Favites na Dipsastraea, yenye vyumba kama masega ya nyuki, ni imara, ila usiku hutoa minyiri mirefu ya kushambulia jirani.

Fimbriaphyllia na Euphyllia, yenye minyiri inayoyumba kama nyasi chini ya maji, huwa ndoto ya kila anayeanza. Yanafaa, kwa sharti moja: lichaguliwe lenye matawi, si lenye umbo la ukuta. Matumbawe haya hupatwa na ugonjwa ambao nyama huyeyuka na kuwa ute wa kahawia ndani ya siku moja au mbili. Kwa lenye matawi, kichwa kilichougua hukatwa na kutolewa, vingine vikapona. Kwa lenye umbo la ukuta nyama yote imeungana, na ugonjwa hupita kutoka mwisho mmoja hadi mwingine bila kizuizi. Bei ya lenye umbo la ukuta wakati mwingine huwa ya chini, na sababu yake mojawapo ni kuwa haligawanyiki kwa urahisi, hivyo aghalabu hutoka baharini moja kwa moja.

Hapo ndipo masilahi ya mfugaji na ya mwamba hukutana. Aina zinazokatika na kuota tena kwa urahisi ndizo zinazokuzwa kwa wingi kwenye mashamba na matangi, na ndizo pia zinazosamehe makosa. Kinyume chake, Catalaphyllia jardinei na Trachyphyllia geoffroyi, yanayokaa moja moja juu ya mchanga, kwa sehemu kubwa huchukuliwa baharini. Catalaphyllia, kwa uzuri wake wote, limezoeleka kufa mikononi mwa wageni.

Mengine ya kuahirisha ni Tubastraea, tumbawe la rangi ya chungwa lisilo na mwani ndani yake, ambalo lazima lilishwe karibu kila siku. Goniopora, ambalo kwa miaka mingi lilijulikana kwa kudhoofika taratibu bila sababu ya wazi. Na Acropora, ambalo hustawi katika tangi lililokwisha kutulia kwa mwaka au zaidi. Galaxea si gumu kulitunza, lakini minyiri yake ya vita huweza kufika sentimeta 20 au zaidi, na katika tangi dogo hilo ni sawa na kulitawala lote.

Atakayetaka kujaribu polipi ndogo baada ya mafanikio ya miezi kadhaa aanze na Montipora digitata, kisha Montipora yenye umbo la sahani, au Pocillopora damicornis. Hili la mwisho huachia polipi ambazo hujipandikiza zenyewe pembeni mwa tangi.

Kununua, kusafirisha na kupanga

Kabla ya kununua, mnunuzi aombe taa ya buluu izimwe na nyeupe iwashwe. Nyama iwe imejaa, imeufunika mfupa hadi ukingoni, na mdomo uwe umefungwa. Mdomo ulioachama na ukingo mweupe chini ni dalili mbaya. Tumbawe lililofika dukani siku hiyohiyo lisubiriwe kwa wiki moja. Likifa, limefia kwa muuzaji.

Mfuko ukifika nyumbani huelea katika tangi kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha tumbawe huoshwa katika chombo cha pembeni kwa dawa maalumu ya kuondoa minyoo bapa na konokono walaji. Maji ya mfuko hayamwagwi katika tangi. Tumbawe huwekwa chini kwanza, penye mwanga hafifu, na kupandishwa kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu. Polipi kubwa nyingi hutosheka na mikromoli 50 hadi 150 za mwanga kwa mita ya mraba kwa sekunde, wakati Montipora na wenzake huhitaji 200 na zaidi. Nafasi ya sentimeta 15 kati ya tumbawe na tumbawe huonekana kubwa siku ya kwanza na hutumika yote baadaye. Mkondo wa maji uiyumbishe minyiri, usiilaze.

Chakula kiwe kidogo, mara mbili kwa wiki, taa zikizimwa na minyiri ikiwa imetoka. Kamba wadogo waliogandishwa, waliokatwakatwa kulingana na ukubwa wa mdomo, wanatosha. Samaki nao wachaguliwe kwa kuangalia matumbawe: vitatange wengi hudonoa polipi, na kikande huvunja na kupindua.

Katika matangi hayohayo ya wauzaji huwepo pia viumbe laini waitwao Zoanthus na Palythoa, ambao si matumbawe magumu ingawa huuzwa pamoja nayo na kwa bei nafuu. Baadhi yao wana sumu kali ya palitoksini. Jiwe lenye viumbe hao halichemshwi wala kusuguliwa kwa brashi nje ya maji, kwa kuwa mvuke na matone yake yamewahi kuwapeleka wafugaji na familia zao hospitali katika nchi mbalimbali. Glavu na miwani ya kinga hutumika kila yanapokatwa mapandikizi, hata ya aina zisizo na sumu.

Tangi likistawi, vichwa vitazidi nafasi. Ziada hukatwa na kupewa mfugaji mwingine pamoja na maandishi mafupi ya jina, tarehe ya kukatwa na mahali tumbawe mama lilikotoka, ili nakala ya kibali cha awali iendelee kufuatana na watoto wake. Wala ziada hiyo, wala maji ya tangi, havirudishwi baharini, hata kwa tumbawe ambalo aina yake inaota kwenye mwamba wa jirani. Lililokaa na viumbe wa Australia na Indonesia katika maji mamoja huweza kuwa limebeba ugonjwa ambao mwamba huo haujawahi kukutana nao.